Hapakuwa na Mkono Kwenye Kamera

Mafabi mwanangu,

Nimeiweka barua hii juu ya viatu vyako kwa sababu najua ndivyo utakavyovitafuta kwanza ukiamka. Isome yote kabla hujavivaa. Baba Mkubwa Woniala na wazee wenzake watafika mapema kukuaga, na kuna jambo nitakalofanya mbele yao ambalo sitaki likukute hujajiandaa.

Usitegemee nikuandikie habari za chandarua, wala za kuchemsha maji ya kunywa, wala za wasichana wa Jinja. Mjomba wako Opolot ameishi Walukuba miaka nenda miaka rudi na bado ni mnene. Atakuonyesha pa kula. Mimi nina neno moja tu, ila tangu jioni nalizungusha humu ndani kama mtu aliyeipua sufuria ya moto asijue pa kuitua. Basi ngoja nilitue. Hukutetemeka. Siku ile ulipopiga picha za harusi ya binamu yako kule Nkoma, mkono wako haukutetemeka hata kidogo, na mimi niliyesema umetetemeka nilisema uongo bila kujua kwamba ni uongo.

Najua ulivyo. Umeshaanza kukunja karatasi ukisema, "Mama naye!" Ikunjue, mwanangu, uendelee.

Unakumbuka jinsi ilivyokuwa. Wazee walikuja hapa studio kuchukua albamu, wakakaa kwenye benchi la wateja, nikawapa soda. Baba Mkubwa akafungua kurasa polepole, anacheka, anamwonyesha huyu na yule, mpaka alipofika kwenye ile picha kubwa ya ukoo. Kushoto wamesimama wakwe, safi, unaweza kuhesabu vifungo vya mashati yao. Kulia wamesimama wazee wa kwetu, wenye harusi, na nyuso zao zimelowa ukungu. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akaniuliza kwa jina lao la shemeji, "Mulamu, upande ya wakwe iko safi. Sisi tumekuwa kama uji. Kwa nini?"

Nami sikuinua hata macho. Nikajibu, "Ni huyu kijana. Alitetemeka."

Mimi ni Mteso, si Mgisu, Mafabi. Nimekaa na watu wa baba yako tangu kabla hujazaliwa, lakini bado kuna maneno yao ambayo nayashika upande wa makali. Kwetu kutetemeka ni kutetemeka tu. Ni baridi, ni malaria, ni njaa. Hapa Mbale ni jina. Kijana wa Kigisu husimama wazi mbele ya umati siku ya imbalu, siku ya kutahiriwa, kisu kinapita, naye haruhusiwi kupepesa jicho, na anayetikisika hulibeba jina hilo mpaka wajukuu zake walisikie. Wewe ulisimama msimu uliopita tu. Halafu mama yako mzazi, mbele ya wazee wale wale waliokushuhudia, anatamka kwamba mwanawe ni mtu wa kutetemeka.

Nilisikia chupa ya soda ikiwekwa chini. Mzee mmoja alicheka kwa pua. Baba Mkubwa alifunga albamu akasema, "Mulamu, chunga mdomo," na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani amekasirikia ubovu wa picha. Ulikuwa umesimama mlangoni. Ulikuwa umeniambia kabla ya hapo, "Mama, mimi nilisimama vizuri," nami nikakukata kauli. Jioni ile uliiweka kamera kabatini, ukafunga, ukanipa ufunguo. Wiki haikuisha ukaniambia Mjomba Opolot amekupatia kazi ya stoo. Ungenifokea ningejua pa kuanzia. Wewe uliniuliza tu kama nina begi la kukuazima.

Baba yako alikuwa wa kwanza kunifungua macho, naye yuko mbali huko kaskazini akilinda wafungwa. Habari zilimfikia kabla sijamwambia, maana ukoo wenu kwa simu hauna mpinzani. Akanipigia. "Mama Mafabi, wewe ulisema hiyo neno mbele ya wazee?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nasema mambo ya kamera."

"Huko kwetu hakuna kamera. Kuna kijana yangu tu." Kisha akasema taratibu, "Mimi niko afande hapa, watu wananiogopa. Lakini hiyo neno, mimi mwenyewe siwezi kuitoa. Ni yako."

Nataka ujue neno lile lilitoka wapi, kwa sababu halikutoka moyoni. Lilitoka kwenye kazi. Nilipokuwa msichana, tukikaa kambi ya magereza Jinja kwa baba yangu, nilipata nafasi ya kufagia studio ya Hajji Karimu mjini. Nilifagia, nikaanza kubeba taa, mwisho nikashika kamera. Hajji alinifundisha mengi mazuri. Alinifundisha kumwambia mteja avute pumzi na kuitoa kabla sijabonyeza. Lakini alinifundisha pia ngao ya wapiga picha: mteja akirudi analalamika, mwambie alitikisika. Usimwambie filamu ilikuwa mbaya, usimwambie taa ilikuwa hafifu. "Ulitikisika, mama. Nilikuambia usitikisike." Mteja hana la kujibu, kwa sababu nani anaweza kuapa kwamba hakutikisika?

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Walukuba aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga, tukimwita Mama Sofia. Alitaka picha ya kumpelekea mwanawe aliyekuwa mbali. Ya kwanza ikatoka na ukungu. Nikamwambia alitikisika. Akarudi, amevaa vazi lake la gomesi lile lile, amepaka mafuta upya, nayo ikatoka hivyo hivyo. Nikarudia maneno yale. Aliporudi tena, Mafabi, alikaa kwenye kiti akashika kidevu chake kwa mkono wake mwenyewe, akakibana hivi, ili kisicheze. Picha ikatoka na ukungu na mkono kidevuni. Siku chache baadaye nikagundua kwamba skrubu ya mguu mmoja wa stendi ilikuwa imelegea, kamera ilikuwa ikizama kidogo kila nikibonyeza. Nikaikaza. Mama Sofia sikumwambia. Nilikuwa nampita pale kwenye karai lake la samaki nikitazama upande wa pili wa barabara.

Miaka yote hii nimelitumia neno lile. Limenizoea, linatoka lenyewe, kama mtu anavyosema "pole" hata kabla hajajua umeumia wapi. Siku ile lilitoka likakupata wewe.

Sasa nikueleze ya leo. Ulipokwenda Nkoma kuwaaga shangazi zako, nilifungua kabati. Nilitaka kukufungia kamera ndani ya begi kwa siri, uikute Jinja, unikasirikie ukiwa mbali. Ndiyo, mama yako ni mjanja hivyo. Kabla ya kuifunga nikaiwasha, nikaanza kuzitazama picha za harusi moja baada ya nyingine kwenye kile kioo chake kidogo, nikizikuza. Na hapo ndipo nilipoketi chini.

Bibi harusi akiwa katikati, safi. Watu wa kushoto, safi. Wa kulia, ukungu. Picha ya meza kuu, kulia ukungu. Picha ya watoto wa kanisani, kulia ukungu. Mwanangu, mkono ukitetemeka, picha nzima hutetemeka. Mkono hauwezi kumtetemekea Baba Mkubwa ukamwacha mkwe wake. Jambo hilo nalijua tangu nina umri wako, na ningelikumbuka kama ningeitazama ile albamu kwa macho ya mpiga picha hata kwa muda wa kumeza mate. Sikuitazama. Nilikuwa nimeshajibu.

Nikataka uhakika, nisije nikakutoa kwenye uongo mmoja nikakuingiza kwenye mwingine. Nikachukua stendi nikaenda nyuma kwa jirani, ukuta wa Mama Zubeda wa matofali ambao haujapigwa lipu. Ukuta wa namna hiyo ni kitu kizuri cha kupima lenzi, kwa sababu mistari ya saruji inakwenda sawa mwanzo hadi mwisho, na penye ukungu patajionyesha. Nikapima kwa kamba kutoka kamera hadi ukutani upande huu na upande ule, ili kamera isiutazame ukuta kwa jicho la kukonyeza. Nikaifungua lenzi mpaka mwisho, iingize mwanga wote, kama ulivyoifungua wewe ndani ya ule ukumbi wenye giza. Nikaiweka ijibonyeze yenyewe baada ya muda. Kisha nikarudi nyuma, nikakunja mikono.

Mama Zubeda akatoka. "Unapiga ukuta yangu picha ya nini? Nani amekuambia nauza nyumba?"

"Napima lenzi, dada."

"Na mbona mikono umefunga kama uko msibani?"

Nikamwambia, "Nataka nione kama itatetemeka bila mtu." Akaniangalia kama wanavyomwangalia mgonjwa, lakini alibaki pale.

Nikaikuza ile picha. Kona ya kushoto niliona hata chembe za mchanga ndani ya saruji. Kona ya kulia matofali yalikuwa yameyeyuka, huwezi kujua moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Hapakuwa na mkono kwenye kamera, Mafabi. Mkono wako ulikuwa Nkoma ukishikwa na shangazi zako.

Lakini mimi sasa nimekuwa mtu wa kutojiamini, nikasema labda ni ukuta, labda nimeisimamisha upande. Nikaipindua kamera kichwa chini juu ya mfuko wa maharagwe, nikailenga ukuta ule ule. Kama ubovu ulikuwa ukutani, ungebaki palepale ukutani. Haukubaki. Ulihama pamoja na lenzi, ukaenda kulala upande wa pili wa ukuta, penye yale matofali yaliyokuwa safi mwanzoni. Nikaivua lenzi ile nikaweka yangu ya zamani kwenye kamera yako hiyo hiyo: safi kote, kona hadi kona. Basi kamera ni nzima. Kuna kioo ndani ya lenzi kimekaa upande. Labda iliangushwa na mwenyewe wa kwanza, labda ilitoka kiwandani hivyo. Kwa nje haionyeshi kitu. Nikiibana lenzi, tundu lake liwe dogo kama tufanyavyo kwenye jua, ukungu unapungua, ndiyo maana picha zako za nje juani hazikuwa na kasoro na sote tukadanganyika.

Na ni nani aliyeichagua lenzi ile? Tulikwenda pamoja kwa yule muuzaji wa vitu vya mtumba. Wewe ulitaka kuijaribu kwanza. Uliniambia, "Mama, tupige hata picha ya ule mlango wa duka." Mimi nikamulika ndani kwa tochi ya simu, nikaona hakuna ukungu wala mikwaruzo, nikaikwangua kwa kucha kama ninavyokagua sufuria, nikatangaza kwamba iko safi. Nilikuwa na haraka, mvua ilikuwa inashuka kutoka mlima Wanale. Ulininyamazia kwa heshima. Heshima yako hiyo, mwanangu, naipenda na siku nyingine inaniumiza.

Nilikaa pale nyuma ya nyumba mpaka jua likaondoka ukutani. Nilikuwa nafikiria asubuhi ile ya imbalu yako. Unajua sikukuona. Mama haoni. Nilikuwa ndani na shangazi zako, nimekaa chini kama walivyoniamuru, na mmoja amenishika mabega ili nisiinuke. Nje ngoma zilikoma. Watu wote wale, halafu hakuna hata anayekohoa. Niliwaza, mtoto huyu alikuwa akiogopa kuku. Kisha nikasikia filimbi ya kumaliza, na vigelegele vikaangusha nyumba, na shangazi yako mkubwa akanikumbatia akisema, "Amesimama! Hata jicho!" Nililia mpaka wakaniambia nyamaza, mama wa mwanamume. Kwa hiyo mimi sina ushahidi wa macho, nina wa filimbi tu. Lakini niliuamini siku ile, na sijui ni kwa nini sikuukumbuka siku ya albamu.

Jioni nilitaka kukuambia. Uliporudi nilikupakulia malewa, yale machipukizi ya mianzi uyapendayo, nikaanza, "Mafabi, kuhusu ile kamera..." Ukasema, "Mama, tuache mambo ya kamera. Chakula ni kitamu." Ulisema kwa upole kiasi kwamba nikashindwa. Nimekusikia ukifunga begi. Nimekusikia ukifungua tena, ukafunga. Sasa umelala, na mimi nimeshika kalamu, kitu ambacho hakinifai kama unavyouona mwandiko wangu.

Nisikilize kidogo hapa, kisha nitakuacha. Sikuandikii ili ubaki. Wala sikuandikii ili uchukue kamera. Kazi ya stoo ni kazi, na Jinja ni mji mzuri. Mimi ndiko nilikokulia, na ndiko baba yako alikonikuta nimebeba stendi begani akadhani ni bunduki. Kama utaipenda stoo, ipende. Kinachoninyima usingizi ni kwamba unakwenda kuanza maisha ukiamini jambo la uongo kuhusu mkono wako mwenyewe, na uongo huo umeupata kwangu. Ukiondoka nao, utakwenda nao kila mahali. Utainua kikombe na kuutazama mkono. Siku moja utakuwa na mke, utambeba mtoto wako wa kwanza, na bado utasikia sauti yangu.

Watu watakulaumu huko, Mafabi. Bosi atakulaumu, wenzako watakulaumu, na mara nyingine watakuwa na haki, maana wewe nawe si malaika. Ile kanga yangu uliyoichoma kwa pasi bado nasubiri maelezo. Lakini kabla ya kukubali, fanya kama nilivyofanya ukutani. Kiweke kitu mahali, uondoe mkono wako, urudi nyuma utazame. Kama ubovu bado upo, si wako. Kama umeondoka na mkono wako, basi ni wako, uutengeneze bila kulia. Mimi sikulijua hilo mpaka leo, na nimezeeka nikiwaambia watu wametikisika.

Usiwe mwepesi wa kunisamehe pia. Najua utataka kusema, "Yameisha, Mama." Hayajaisha. Neno nililisema mbele ya watu, na barua haitoshi, kwa sababu barua unaisoma wewe peke yako na wale wazee hawaioni. Neno la hadharani huondolewa hadharani.

Kwa hiyo asubuhi, wakishakunywa chai na kabla Baba Mkubwa hajakuombea safari, nitasimama. Najua mke wa ndugu hasimami kusema mbele ya wazee wa ukoo. Najua baadhi yao watatazama chini. Baba yako nimempigia, nikamwambia ninachokusudia, nikangoja anikataze. Akasema, "Simama, Mama Mafabi. Mimi niko nyuma yako hata kama niko huku." Ile picha ya ukuta nimeikuza, iko mezani, nitawaonyesha kushoto, nitawaonyesha kulia, nitawaeleza kuhusu kile kioo kilichokaa upande. Lakini picha si muhimu sana kwao. Nitawaambia, "Mwanangu hakutetemeka. Mimi ndiye niliyekosea." Sitalisema kwa Kiswahili. Nitalisema kwa Lumasaba, lugha ya Wagisu wenyewe, kile Lumasaba changu kibovu ambacho wewe na baba yako mmekicheka tangu uanze kusema. Mama Zubeda amekaa nami jikoni akinirudisha rudisha mpaka nikaishika sentensi yote, na hata yeye alichoka kucheka.

Usitoke nje nikianza kusema. Usijifanye unatafuta begi. Simama pale mlangoni uliposimama siku ile, wakuone.

Na kama watasikia sauti yangu ikitetemeka, mwanangu, waache wasikie. Mimi sikuwahi kuapa kusimama. Mimi ni mama tu, na mtoto wangu anaondoka.

Mimi mama yako,
hapa Malukhu, Mbale